Chura wa Msitu wa Wari

Namwende, Alhamisi 13 Desemba 2012

Kwa mjukuu wangu Saquina,

Assalam alaikum. Mimi mzima, ila mguu ndio unaoijua mvua kabla ya mawingu. Yule kuku wako mweusi kaangua saba, kunguru kala wawili. Wewe je, unakula? Nimekuona umekonda.

Ndiyo, nimekuona. Ndiyo maana naandika.

Anayeshika kalamu ni profesora Deolinda, mwalimu wa shule ya hapa. Unajua mimi shule sikuiona hata mlango wake. Yeye Kiswahili cha kuandika alikipata Tanzania, wazazi wake walipotoka huku Msumbiji kukimbilia huko wakati wa vita. Ni Mmakonde, ni Mkristo, lakini ni mwanamke na kwao alichezwa unyago, kwa hiyo maneno yangu yanaweza kupita mkononi mwake. Nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake poda. Simu sitaki. Mtandao wa hapa uko juu ya kichuguu cha kisimani, na ukisema neno wanalichota wote pamoja na maji.

Jumanne gari jeupe liliposimama nilitoka mbio, mikono ina unga. Nikasema, mke mwenzangu kaja! Ukashuka na mabuti, na kitambulisho kinaning'inia shingoni kama kengele ya mbuzi. Ukanipa mkono. Mkono, Saquina! Ukasema, "Shikamoo mama, sisi tunafanya kazi ya kuandika wanyama na miti ya huku. Jina lako nani?"

Nikadhani unatania, nikangoja ucheke. Hukucheka. Yule dotori mwenye ndevu akaenda kukaa juu ya kinu changu, na hukumwambia ainuke. Nikataja jina langu, Muanassa Dauto, ukaliandika. Ukauliza, "Una watoto?" Nikasema nilikuwa na binti mmoja, kafa, kaniachia mjukuu mmoja. Ukauliza yuko wapi. Wewe mwenyewe, kwa mdomo wako, uliniuliza yuko wapi! Nikasema kapotelea mjini Pemba.

Ndipo mkaja kwenye ule msitu mdogo wa nyuma ya kisima cha zamani. Dotori akasema kwa Kireno, wewe ukageuza: "Mama, mle ndani mna nini? Mna makaburi, mahali pa heshima, mnyama mnayemjua?" Nawe unajua ndio msitu wa wari. Umeketishwa mle siku saba ulipovunja ungo, na mimi ndiye niliyekuketisha. Nikakutazama machoni nikasema, hamna kitu. Vichaka na siafu. Ukaandika, nikabonyeza dole gumba, mkaondoka. Hata maji hamkunywa.

Nimekukosea nini, mwanangu? Nijibu hilo tu, mengine yaache.

Ni mimi niliyekubeba mgongoni,
Bibi yako


Palma, 22 Desemba 2012

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Shikamoo tena. Natumaini mguu umetulia na kunguru kashiba. Mimi mzima wa mwili. Msalimie profesora.

Hujanikosea chochote. Barua yako nimeisomea chooni, maana kambini hatuna pengine pa kujificha.

Bibi, ni kanuni ya kazi. Anayeuliza asiwe ndugu wa anayeulizwa, ili watu wasipikiane majibu. Niliandika kwenye fomu kwamba sina ndugu huku. Wangejua, wangenitoa siku ile ile, na kazi hii ndiyo inayonimalizia chuo. Nilitaka kukukonyeza, lakini dotori Inácio alikuwa ananitazama. Kuhusu kinu nisamehe. Yeye ni mtu wa Maputo, alidhani ni kigoda.

Lakini sasa kuna jambo kubwa kuliko hilo. Tangu wagundue gesi baharini, kila kipande cha rasi hii kinapimwa. Karatasi zetu ndizo zinazosema wapi paachwe na wapi pasafishwe. Msitu wa wari nimeuandika kwa mkono wangu kwamba hamna kitu, na dole lako liko chini yake. Pasipo na kitu panasafishwa, Bibi. Wanataka njia ya kutua ndege ndogo ipite pale pale.

Timu yetu ilipita mle asubuhi moja na haikusikia sauti hata moja. Unajua kwa nini. Yule chura mdogo wa chini ya majani akisikia hatua ananyamaza. Mimi nilitembea katikati yao, nikawa nanyamaza naye.

Kwa nini ulisema vile?

Mjukuu wako anayeona haya,
Saquina


Namwende, 6 Januari 2013

Kwa Saquina,

Salamu nyingi. Kwetu heri, mihogo imeshika, Deolinda kafunga shule kwa likizo na anakuja jioni tunamenya karanga. Nimekutumia mfuko wa hizo karanga kwa Cassamo wa pikipiki. Akisema zilikuwa nusu, mwambie nilizijaza mpaka juu.

Kanuni! Deolinda amelisoma neno hilo mara mbili kwa sababu nilimwomba arudie. Haya, una kanuni. Mimi pia ninayo. Palikuwa na wanaume wawili uani kwangu. Mambo ya wari hayasemwi mbele ya mwanaume, awe mume, awe sheikh. Mimi ndiye nyakanga wa hapa, mkubwa wa makungwi. Nikifungua mdomo mimi, wengine watafunga wa nani? Usiniulize kama mtu wa sensa.

Jana wamekuja watu wengine wamefunga utepe mwekundu kwenye miti ya msitu wetu, mti baada ya mti, kama maharusi. Utepe mmoja nimeukata, nimemfungia mbuzi. Nikamuuliza kijana wao ni wa nini. Akasema, "Bibi, hapa panakatwa mvua zikipungua." Akasema kwa adabu sana. Ningemzaba kofi asingekuwa na adabu.

Saquina, mle waliketi mama yangu na mama yake. Mama yako aliketi mle. Hatuna pengine. Yule mdogo hayuko kwenye vichaka vya shamba, hayuko mikokoni, yuko pale penye majani mazito yasiyofagiwa. Na bila yeye tunamfundisha mwari nini? Tunamwambia kaa kimya mpaka ardhi ikuamini, halafu nani wa kumjibu kwamba sasa umekaa?

Nenda kawaambie karatasi ile ina makosa. Waambie mle mna kitu. Usiwaambie ni kitu gani.

Mwenye kukungoja,
Bibi yako


Palma, 2 Februari 2013

Bibi yangu,

Shikamoo. Karanga zilifika robo tatu, tumsamehe Cassamo. Homa ilinishika siku nne, imeniacha. Naomba Mungu wewe iwe haijakupitia.

Nimekwenda kwa dotori Inácio. Nikasema, karatasi ya Namwende ina makosa, mle mna kitu. Akauliza, kitu gani? Nikasema, sijui, nahisi. Akacheka, si kwa ubaya. Akasema hisia haina safu yake kwenye fomu. Akauliza nani kasema. Sikukutaja. Bibi, mtu huyu si mbaya. Akimwona kinyonga anavua kofia. Lakini anataka kuona kwa macho yake.

Sasa nikuambie ukweli, maana barua yako ya kwanza iliuliza na mimi nikakujibu kwa kanuni.

Kanuni ipo, lakini siyo iliyonifunga mdomo. Siku ya kwanza ya kazi waliniuliza kwetu wapi. Nikasema Pemba, baba yangu mtu wa ofisi bandarini. Baba nisiyemjua hata kivuli! Na Jumanne ile, garini, Germano, msaidizi wa dotori, alikuwa anaiga vikongwe wa vijijini, namna wanavyotema tumbaku na kuapa kwa mizimu. Nikacheka. Nilicheka kuliko wote. Nikachangia na sauti. Kisha gari likasimama mlangoni kwako, ukatoka mbio miguu mitupu, unga mikononi, jino moja mbele, na mimi kicheko kilikuwa bado hakijakauka mdomoni. Nikashindwa. Nikakupa mkono.

Ndiyo hiyo. Nimeiandika mara nne na kuichana.

Nakuomba ruhusa. Yule chura mdogo, kwenye vitabu vyetu vya chuoni simwoni. Wapo wanaofanana naye, si yeye. Dotori akimwona kabla mvua hazijakwisha, karatasi itaandikwa upya na msitu hautaguswa. Wari sitawataja. Nitasema nimemsikia kwa bahati. Nimtaje yeye tu. Matrekta yanaanza tarehe ishirini na tano mwezi huu.

Nijibu haraka, Bibi, hata kwa neno moja.

Mjukuu wako,
Saquina


Namwende, 16 Februari 2013

Saquina,

Salamu. Mvua haijakata siku tisa, paa la jikoni limeanguka, mimi sikuwamo. Barua yako imefika jana ikiwa imelowa, Deolinda ameianika kwenye kamba ya nguo kwanza.

Meno yangu ya mbele ni mawili. Ungetazama vizuri ungeyaona.

Imeniuma. Mchana ule sikula. Lakini umeitoa mwenyewe bila kuvutwa, nami nimeipokea. Sasa na homa je, unakunywa mwarobaini au unakunywa vidonge tu vya kambini?

Kuhusu ruhusa: subiri. Yule si wangu peke yangu nimtoe. Na huwezi kumtoa yeye ukatuacha sisi. Atakayemwona atauliza umemsikiaje, na hakuna amsikiaye ila aliyeketishwa. Tuko makungwi watatu, mimi, Atija na Muanarabo. Nitawakusanya mto ukipungua, maana Atija yuko ng'ambo. Wakikubali, nitakuja Palma kwa miguu yangu kusema mimi, mbele ya ndevu za huyo dotori. Wakikataa, tutalala mbele ya trekta, tuone dereva mama yake nani.

Usifanye kitu mpaka upate neno langu.

Bibi yako


Palma, 27 Februari 2013

Bibi,

Shikamoo. Sijui kama u mzima, njia imekatika, Cassamo hajaonekana na sijapata jibu lako. Nimengoja mpaka siku mbili za mwisho. Halafu sikungoja.

Jumamosi asubuhi, mvua ilipotulia, niliwapeleka. Tulizunguka upande wa kambi, hatukupita kijijini. Inácio na Germano. Walisimama mle na vinasa sauti vyao, kimya. Nikawaambia, kaeni chini. Wakakaa wanavyokaa wanaume, wakajikuna, wakapiga mbu. Kimya vile vile. Dotori akatazama saa yake, akaanza kuinuka.

Ikabidi niwaonyeshe. Niliwakunja miguu, Bibi, kama ulivyotukunja sisi. Wa kushoto ndani, viganja tumboni, pumzi ya puani. Mimi mwenyewe nikakaa mbele yao na mabuti yangu.

Akaanza mmoja, ile sauti yake ya bawaba isiyotiwa mafuta. Kisha mwingine nyuma yangu. Kisha chini pote pakalia. Inácio akainua jani kwa vidole viwili, naye yuko pale, mdogo kama ncha ya dole gumba, rangi ya jani lenyewe, na mayai yake kwenye udongo unyevu, bila dimbwi, bila maji. Akamulika yai moja kwa tochi. Ndani mna kichura kizima, na miguu yake minne, hakina mkia. Mtu mzima yule akalia. Akasema, tangu yai anatoka amekamilika. Nilitaka kumwambia kwamba hilo tulifundishwa tukiwa na miaka kumi na mbili.

Walichukua wanne, wakawatia kwenye chupa ya spiriti. Mimi ndiye niliyeshika chupa.

Kisha akaniuliza, "Umejuaje kukaa hivi?" Ilikuwa nafasi yangu, Bibi. Nilikuwa na jina lako ulimini. Nikasema nimesoma kwenye kitabu.

Matrekta yamesimamishwa. Msitu haukatwi. Nilitaka barua hii iwe ya furaha.

Nilikuwa nafunga bahasha, Cassamo kaja. Barua yako ya tarehe kumi na sita iko mbele yangu. Nimeisoma nikiwa nimesimama. Uliandika subiri.

Sijui nitie saini gani.
Saquina


Namwende, 28 Aprili 2013

Saquina,

Salamu. Uhai upo. Barua zako tatu za Machi nimezipata, sikujibu. Usidhani zilipotea.

Nikueleze yaliyopita, halafu nikueleze langu.

Msitu umezungushiwa waya. Mlangoni wamesimamisha kibao chenye picha ya chura mkubwa kama kuku, na mlinzi kwenye kiti cha plastiki. Tulikwenda kufagia kijia, mlinzi akasema, "Mama zangu, humu haingii mtu, kuna mnyama adimu." Muanarabo akamwambia mnyama adimu ni wewe. Hakucheka.

Wanawake bado hawakujua nani kamtoa huyo mnyama. Mwanzo wa mwezi huu Atija alikwenda Palma kuuza mikeka. Kwenye kibanda cha chai akaona wanaume watano wamekaa chini mduara, mguu wa kushoto ndani, viganja tumboni. Katikati yuko huyo Germano wako anawafundisha. "Sivyo, kunja hivi! Toa pumzi kama mtoto wa kike!" Wanakufa kwa kicheko. Atija aliacha mikeka yake pale pale, akarudi. Alipofika uani kwangu alikaa chini akanionyesha.

Wanawake wakakusanyika. Wakauliza, nani katutoa? Wote wanajua mjukuu wangu yuko kwenye kazi ile. Nikasema, ni mimi. Nimemtuma mimi.

Wakaninyang'anya ngoma ya unyago. Wakanivua shanga nyeupe za unyakanga, Atija mwenyewe akazivua kwa mikono yake. Tangu siku hiyo nikifika kisimani wananipisha upesi, nachota, nabaki peke yangu. Deolinda tu ndiye anayekuja.

Na umesema kitabu. Kitabu gani, Saquina, chenye magoti yangu ndani?

Sasa langu. Miezi miwili nimekaa kimya si kwa hasira juu yako. Ni kwa sababu kila nikitaka kukufokea, neno moja linanizuia mlangoni. Nilikuambia nilisema hamna kitu kwa sababu palikuwa na wanaume. Uongo. Mama yangu aliwahi kuulizwa mle mna nini na msimamizi Mreno, mwenye fimbo mkononi. Akajibu, hapo ni pa wanawake. Basi. Hakutoa siri yoyote, na yule Mreno akageuza njia ya kubebea pamba ikapita mbali. Maneno manne, kila mwanamke wa hapa anayajua. Nilikuwa nayo mdomoni Jumanne ile.

Sikuyasema kwa sababu ulinipa mkono. Nilitaka uandike uongo huku unajua ni uongo, ukuchome vidole. Nikautoa msitu wa mama yangu kwa ajili ya kukuadhibu wewe, mbele ya mtu aliyekalia kinu. Kisha nikakuficha hilo kwa kusema kanuni, kama ulivyonificha lako.

Deolinda ameacha kuandika kidogo. Ananitazama. Nimemwambia aendelee.

Nakuonea haya, mtoto. Mimi mzee wa miaka yote hii.

Muanassa, bibi yako


Palma, 14 Mei 2013

Bibi yangu,

Shikamoo. Ulale salama, uamke salama, na yeyote anayekupisha kisimani Mungu amlainishe.

Nilisoma barua yako, nikaenda kwa Inácio kabla sijapata muda wa kuogopa. Nikamwambia: yule mzee wa Namwende uliyekaa kwenye kinu chake ni bibi yangu mzaa mama. Amenilea tangu kunyonya. Mimi si mtu wa Pemba. Kukaa kule sikukusoma popote, nilifundishwa na yeye mle mle, na ni jambo la wanawake, na wewe na Germano nimewaonyesha bila haki. Akauliza kinu ni kipi. Nikamwambia. Akajifunika uso.

Ameandika upya. Sasa karatasi inasema chura alionyeshwa na Saquina, mjukuu wa Muanassa Dauto, na kwamba mahali hapo ni pa wanawake wa Namwende, ambao ndio waliopatunza. Aliniomba nieleze namna ya kukaa, aiweke kwenye maelezo. Nikakataa. Akafuta alichokuwa amekwisha kuandika, mbele yangu. Amemwita Germano, sijui walisemana nini, lakini kibandani haendi tena.

Kuhusu waya, Inácio alikwenda mwenyewe kuomba mlango wenu. Wakubwa wa ulinzi wakasema mnyama adimu halindwi nusu. Amerudi amekasirika kuliko mimi. Waya haukutoka, Bibi.

Na ile kanuni ilikuwa ya kweli. Kwa kuwa nilificha undugu, kontrato yangu ya kazi imekatwa. Nimerudisha mabuti na kitambulisho. Nalala kwa dada mmoja anayepika kambini.

Nimekwenda stendi mara mbili. Mara ya kwanza nilipanda kabisa, nikakaa. Basi la chapa lilipojaa nikateremka. Namwona Atija na mikono yake. Namwona kila mwanamke aliyeniketisha. Ungewaambia ukweli, Bibi, kwamba hukunituma. Shanga zako zingerudi.

Naogopa kuja, na kukaa huku kunaniua.

Mjukuu wako,
Saquina


Namwende, 3 Juni 2013

Mke mwenzangu,

Marahaba. Mimi mzima, kuku wako amekalia mayai tena, hana akili.

Barua yako Deolinda aliisoma mara tatu. Mara ya tatu aliisomea uani kwa Atija, wanawake wote wamekaa. Ndiyo, yote, na stendi, na chupa ya spiriti kwenye ile nyingine. Umesema niwaambie ukweli, nimewaambia. Kwamba sikukutuma, uliambiwa usubiri na hukusubiri. Na kwamba kabla ya hapo, mimi nyakanga wao niliulizwa swali lenye jibu la maneno manne, nikajibu uongo kwa hasira ya nyumbani kwangu. Nilidhani watanihurumia nikisema. Hawakunihurumia. Muanarabo alilia kwa msitu, siyo kwangu.

Shanga hazirudi. Anazivaa Atija sasa, na zinampendeza, lazima niseme.

Wamekata shauri hivi. Mimi na wewe tunarudishwa mkekani. Hujaliona hilo maishani mwako, nami nililiona mara moja tu nikiwa msichana. Tutakaa kama wari wasiojua kitu, tufundishwe tangu mwanzo na Atija, kila Jumamosi mpaka mvua za mwisho wa mwaka. Kuongea hatutaongea. Kula tutalishwa baada ya wote. Huyo Atija ni mimi niliyemfundisha kuendesha unyago wake wa kwanza, sasa ataniambia nyooka.

Na mvua zikianza, wewe una kazi. Utaingia vichakani huko ng'ambo ya mto, peke yako, bila chupa wala mwanaume, ukae kila mahali penye majani mazito mpaka upate anapolia. Ukimpata huandiki popote. Unarudi unawaambia wao. Wasichana wa mwaka huu wanane wanangoja, na hatuna pa kuwaketisha. Usipompata, hatujui tutafanya nini. Hilo hakuna aliyelisema, lakini wote tulilifikiri.

Tunaanza Jumamosi ya tarehe kumi na tano. Muanarabo amesema atakufokea mbele ya wote. Mwache, ana pumu, atachoka. Atija hatakufokea, na huyo ndiye mbaya zaidi. Usilie kabla hujaulizwa. Usinitetee, nami sitakutetea, nimeshaahidi.

Kwenye chapa kaa nyuma, kule huwezi kuteremka watu wakishajaa. Deolinda atakungoja njia panda. Ukifika njoo moja kwa moja uani kwa Atija, usipite nyumbani, mimi sitakuwa nyumbani. Nitakuwa nimetangulia. Magoti yangu yanachukua muda kukunjika, na mkeka wa watoto ni mwembamba, kwa hiyo itabidi tubanane.

Bibi yako